Saa ya Kinyozi na Jicho la Dobi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla pasi ya kwanza haijashika moto sawasawa, Bosi aliingia kwenye duka la dada yake na mashati ya wiki nzima ndani ya mfuko wa plastiki. Dada mtu alikuwa dobi. Aliyapokea mashati, akazipekua kola moja moja kutafuta doa, akamwonyesha mdogo wake kiti kilichokaa chini ya kioo, akaendelea na kazi. Jina la Bosi alipewa na baba yao akiwa bado mchanga, kwa sababu alikuwa hakubali kulazwa, anataka kubebwa tu. Likamganda hivyo hivyo mpaka akawa bosi kweli, ofisa wa bima mwenye mlango wake mwenyewe na watu wa kuugonga.

Jumamosi hiyo alikuja amenuna. Alipandisha mkono wa shati akamwonyesha dada yake saa. Ilikuwa imesimama tena.

"Tangu juzi," alisema. "Nimeitingisha mpaka bega linauma."

Dobi aliiweka pasi pembeni, akaitazama. Ilikuwa saa ya baba yao, yenye uso ambao zamani ulikuwa mweupe na sasa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mkanda wa ngozi uliolainika kwa jasho la miaka. Aliitazama kama alivyozoea kuitazama, roho ikimuuma waziwazi, kama mtu aliyekutana na gauni lake limevaliwa na mwenzake. Mshale wa sekunde ukashtuka, ukaanza kwenda.

"Afadhali," alisema Bosi, akashusha mkono wa shati. Alidhani ni mtikisiko wa ngazi za pale nje. Dobi hakudhani chochote. Alikuwa na wivu, na mwenye wivu hana nafasi ya kudhani mambo mengine.

Baba yao alikuwa kinyozi. Aliinunua saa ile ujanani akaivaa kazini siku zote, mkono wa kushoto, ule wa kushikia kitana. Mteja wa kinyozi hufungwa shuka hadi shingoni. Mikono yake iko chini ya shuka, hawezi kusoma gazeti wala kujikuna pua, na kazi pekee anayobaki nayo ni kutazama kioo. Ndani ya kioo, kando ya kichwa chake mwenyewe, mteja aliiona saa ikipanda na kushuka. Wengine waliitazama kupoteza muda tu. Wengi waliitamani. Kinyozi alilijua hilo, na alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo alipofika karibu na sikio, ili mtu aione vizuri. Dobi wakati huo alikuwa binti wa kufagia nywele sakafuni. Alijifunza kusoma saa ndani ya kile kioo, mishale ikienda kinyumenyume, na mpaka leo akitazama saa ya ukutani humchukua muda kidogo kuigeuza kichwani.

Kisha baba akapooza. Upande wote wa kushoto ulikufa, mkono wa saa pamoja nao, na hakukubali kuvuliwa saa hata wakati wa kuogeshwa. Dobi aliihamishia meza ya pasi chumba cha pili ili amsikie akiita. Alimlisha, alimwosha, alimgeuza asipate vidonda. Saa haikusimama hata siku moja, na dobi alijua sababu, au alidhani anaijua: ni yeye aliyekuwa akimgeuza mzee huku na huku, mkono ukicheza. Jambo hilo lilimpa fahari kidogo, na fahari nyingine hakuwa nayo. Kila alipomaliza kumfuta mdomo, baba aliuliza swali lile lile kwa ulimi mzito. Bosi amepiga simu? Bosi alipiga mara chache, na siku alizopiga mzee alitabasamu kwa nusu ya uso mpaka jioni. Dobi alikunja mashuka machafu huku akilitazama lile tabasamu ambalo yeye hakuwahi kupewa. Saa ilikuwa inakwenda vizuri kabisa.

Bosi alipokuja mwishoni, mgonjwa hakuwa na maneno mengi tena. Aliielekeza saa kwa kidevu, akamtazama binti yake, akasema, "Mpe mwenzako." Dobi akaivua kwa mikono yake mwenyewe akampa. Baada ya maziko, vitu vilipogawanywa, yeye alipewa kioo cha kinyozi. Mama alisema kioo ni kitu cha mwanamke. Dobi akakitundika dukani, ukutani, na chini yake akaweka kiti.

Aliitaka saa ile. Hakuitaka kwa uzuri wake, maana alikuwa ameona nzuri zaidi mikononi mwa wateja. Alitaka tu mtu mmoja wa nyumba yao aseme kwa mdomo wake kwamba ni yake, aliistahili. Hakuwahi kumwambia mtu. Alijikaza kisabuni, akapiga pasi mashati ya mdogo wake, na kola zilinyooka kuliko za mteja yeyote.

Chumba kilichopakana na cha dobi kilikuwa cha fundi saa, mtu mnene mwenye lenzi iliyobanwa jichoni, aliyependa kuisikia sauti yake. Bosi alimpelekea saa, na fundi akampa somo zima akiwa ameegemea kabati. Saa ya namna hii, alisema, haina betri na haimdai mtu kuitia ufunguo kila asubuhi. Mgongoni mwake kuna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapocheza, na mzunguko ule ndio unaokaza springi. Mkono ukitulia, springi inalegea. Ukiivua ukaiacha kabatini, kesho kutwa utaikuta imelala. Na mtu wa ofisi ni karibu sawa na kabati, maana mkono wake unacheza wakati wa kusaini tu.

Bosi hakuchukia, alitaka dawa. Fundi akamwambia atembee, apunge mikono, na kabla ya kuivaa akizungushe kitufe cha pembeni taratibu mpaka akione kimekuwa kizito kidogo, kisha aache. Asiitingishe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Asiilaze karibu na spika wala sumaku. Asipoivaa, aiweke kwenye kile kisanduku cha umeme kinachozungusha saa chenyewe. Halafu akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, na kuapa kwamba sasa itakwenda mpaka wajukuu.

Bosi alifuata yote. Alitembea kwenye korido za ofisi akipunga mikono, na walio chini yake wakadhani anakagua, wakazidisha bidii. Alikizungusha kitufe kila asubuhi. Alinunua kisanduku, kikawa kinavuma chumbani kwake kama nzi aliyenaswa kwenye pazia. Saa iliendelea kusimama katikati ya wiki na kuamka Jumamosi, dukani kwa dobi, kwenye kiti cha chini ya kioo.

Fundi aliona anaaibishwa. Alimkalisha Bosi mbele yake, akaifungua saa mgongo, akailaza kifudifudi juu ya kitambaa ili aone ugonjwa uko wapi. Lile nusu duara lilikuwa limetulia tuli. Ndipo dobi akaingia kumrudishia fundi koti lake la kazi lililopigwa pasi. Alipoiona saa ya baba yake imefunuliwa tumbo, na Bosi amekaa mbele yake kama mwenye mali, nusu duara likaanza kuzunguka, hakuna aliyeigusa saa wala meza. Dobi akageuka kutafuta msumari wa kutundikia koti. Likapunguza mwendo, likasimama. Akageuka tena. Likazunguka.

Fundi alimwomba atoke, kisha aingie. Akamwomba amtazame Bosi bila kuitazama saa, na hapo likaenda mbio zaidi.

"Ni wewe, dada," alisema fundi. "Una wivu."

"Ninao," alisema dobi.

Fundi alitoa lenzi jichoni akaifuta kwa shati. Alieleza kwamba saa hiyo ililelewa mbele ya kioo, watu wakiikodolea macho kutwa nzima, mpaka ikazoea. Kilichozoea kula macho hakishibi kwa kutingishwa. Aliwahi kuletewa saa ya ukutani iliyokuwa ikienda tu mwenye nyumba akisafiri, na ile pia haikuwa na ubovu wowote. Akakifunga kifuniko, akamkabidhi Bosi saa, akaomba radhi kwa kumsumbua na kisanduku.

Dobi alirudi kwenye pasi yake. Alipokuwa amefika kwenye mkono wa shati la tatu, ndipo alipofahamu kwamba miaka ile ya kitandani hakuwa akiijaza saa kwa kumgeuza baba. Alikuwa akiijaza kwa lile tabasamu. Fahari yake ndogo ikaondoka, na mvuke wa pasi ukapanda kama kawaida.

Mama aliwaita nyumbani siku iliyofuata. Alikuwa mama mpole, asiyependa kelele, na mambo yote aliyaamua huku akichambua mchele. Alisema amelisikia jambo kutoka kwa fundi na ameliona ni jepesi. Bosi ana saa, dobi ana wivu, wote ni watoto wa tumbo moja. Kwa vile wivu wenyewe upo tu, haununuliwi wala hautafutwi, kuna ubaya gani ukiisaidia familia? Bosi apitie dukani jioni mbili tatu kwa wiki, dada yake aitupie jicho, basi. Dobi aliuliza kama haingekuwa rahisi zaidi saa kubaki kwake. Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo, akamtazama kwa huruma ya kweli, akamwambia kwamba ikibaki kwake hataionea wivu tena, nayo itasimama, na saa ya marehemu haifai kusimama. Akarudi kwenye mchele wake.

Ikawa hivyo. Bosi alipita jioni, akaegemea mlango, akanyoosha mkono. Dobi alitupa jicho mara moja, wivu ukampanda, springi ikakaza, Bosi akaaga. Alipokuwa safarini alipiga simu ya picha, akaisogeza saa mbele ya kamera. Ilienda, ingawa ilichelewa kidogo kwa sababu ya mtandao. Wateja waliosubiri nguo zao waliona haya yote wakasogea kumpisha Bosi, kama unavyompisha mtu anayejaza maji.

Mama naye aliamua kusaidia, kwa nia njema kabisa. Kila dobi alipoenda kumwona alimsimulia habari za Bosi: alivyomletea kitambaa, alivyoongea vizuri na daktari, marehemu angejivunia namna gani. Akimpakulia, nyama nono aliiweka pembeni kwa ajili ya Bosi, na alihakikisha dobi ameiona. Saa ikaanza kukimbia. Bosi alifika kwenye mikutano ambayo bado haijaitishwa. Siku moja alijibu barua iliyofika kesho yake. Ofisini waliipenda tabia hiyo, wakampandisha cheo, na mama alipomfikishia dobi habari hizo saa ikaongeza tena mwendo.

"Punguza kidogo, dada," Bosi aliomba.

"Nipunguzeje?"

"Sijui. Usiifikirie sana."

Dobi alijaribu, si kwa ajili ya Bosi bali kwa ajili ya nafsi yake, maana alikuwa amechoka kuwa kisima cha mtu. Alijiambia ni chuma tu na ngozi ya ng'ombe. Alijikumbusha ubaya wa baba, jinsi alivyokuwa akimfokea mbele ya wateja kwa nywele chache zilizobaki chini ya kiti. Alijaribu kutazama bila kuona, kama watu wanavyotazama tangazo. Wivu ulimcheka. Ulikuwa unakaa pale pale, chini kidogo ya shingo, na ulikuwa unajua saa za Bosi kupita kuliko anavyozijua yeye.

Uliondoka siku ambayo hakuwa akiufukuza. Mvua ilikuwa kubwa, Bosi amekuja kujaziwa saa na ameshindwa kutoka. Alikaa kwenye kiti akisikiliza bati. Nywele zake za utosini zilikuwa zimepungua, na kutoka alipokuwa amesimama dobi aliliona hilo kwenye kioo kwa mara ya kwanza.

"Baba alikuwa analala upande gani?" Bosi aliuliza.

"Wa kulia. Wa kushoto hakuusikia, nilikuwa naogopa aulalie."

Bosi akasema yeye siku zote alikuwa akimfikiria amelala chali. Alisema kwenye simu mzee alimuuliza tu kama amekula na kama kazi inakwenda, halafu wote wawili wakawa hawana la kusema, na yeye akasingizia kuna mtu anagonga mlango. Alisema tangu apewe saa ameunusa mkanda wake mara nyingi, akitafuta harufu ya mzee, na hupata manukato yake mwenyewe. Hakumbuki hata ilikuwa harufu gani.

"Spiriti," alisema dobi, "na poda ya shingoni. Na sabuni yangu, mwishoni."

Alimtazama mdogo wake pale kwenye kiti, mikono imelala mapajani kama iliyofichwa chini ya shuka, na akamwonea huruma. Ilimjia tele, kwa ghafla, na haikuacha nafasi ya kitu kingine. Mshale wa sekunde ulisita, ukasimama. Bosi hakuuona. Aliunyoosha mkono kama kawaida, dobi akaitazama saa kwa moyo mweupe, na hakuna kilichotokea.

Kwa muda walijaribu. Mama alisifu mpaka akaishiwa sifa. Bosi alikuja na gari jipya akaliegesha mbele ya duka, na dobi akampongeza kwa dhati, jambo lililowasikitisha wote. Fundi aliifungua, akakizungusha kitufe, akasema springi haishiki tena kwa mkono, imeshasahau kazi hiyo. Bosi akanunua saa ya betri, inayong'aa, na mama akaamua kuhusu ile ya zamani. Alimletea dobi saa imefungwa ndani ya leso.

"Imeshakufa," alisema. "Chukua wewe, unapenda vitu vya baba yako."

Hakusema ni yako, uliistahili. Dobi aliyasikia maneno ambayo hayakusemwa, akayaacha yapite. Aliivaa saa. Mkanda ulikuwa na tundu la baba, lililotanuka, na tundu la Bosi lililo jipya kidogo, na yote mawili yalikuwa mbali na kipimo chake. Alipasha msumari kwenye pasi akatoboa tundu lake, karibu kabisa na upande wa ndani. Saa ilisimama palepale ilipokuwa imesimama siku ya mvua, na dobi akaivaa kazini, ikapanda na kushuka na mashati. Mteja akimwuliza saa ngapi, alimwambia haiendi. Wengine walimwuliza ya nini basi kuivaa. Aliwaambia ni yake.

Hakuna kipindi alichokuwa na furaha kama kile. Aliimba. Fundi alimgongea ukuta wa mbao kumwomba apunguze, kisha akazoea.

Jumamosi moja Bosi alikuja na mama. Mama alikuwa na vitenge vya kupigwa pasi, akakaa kwenye benchi la wateja. Bosi akakaa kiti chake cha chini ya kioo, lakini siku hiyo alikuwa amekigeuza ili aelekee kioo. Dobi alikuwa akipiga pasi nyuma yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukivuta kitambaa na kukilaza, kukivuta na kukilaza, na ndani ya kioo, kando ya kichwa cha Bosi, saa ilipanda na kushuka. Alipofika kwenye kola alipunguza mwendo, kama anavyopunguza siku zote. Hakujua kwamba tabia hiyo aliirithi.

Mama alikuwa akitazama kiooni. Aliyaacha mazungumzo ya bei ya sabuni katikati.

"Ndiye yeye," alisema taratibu. "Mwanangu, mkono huo. Kama namwona marehemu."

Dobi alisimama na pasi mkononi. Alikuwa ameyangoja maneno ya namna hiyo tangu akifagia nywele, na sasa yalipofika hakujua ayaweke wapi. Machozi yalimjia. Bosi hakugeuka. Alikuwa anautazama mkono wa dada yake ndani ya kioo, na uso wake ukabadilika polepole. Yeye aliivaa saa ile ofisini, arusini, mazikoni na kwenye mikutano isiyokuwapo, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumtazama akamwona baba yake.

Saa ikaanza kwenda.

Wote waliisikia, maana pasi ilikuwa imenyamaza. Mshale wa sekunde ulizunguka bila kusita, kwa nguvu, kama uliopumzika vya kutosha. Kwenye kioo ulikuwa unakwenda kinyumenyume, na kwa dobi hiyo ndiyo ilikuwa namna yake sahihi. Upande wa pili wa ukuta fundi aliacha kugongagonga kile alichokuwa akikigonga.

"Imepona," alisema mama. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akasimama, uso umejaa shukrani. "Unaona? Ilikuwa inamngoja mwenyewe." Kisha akamgeukia binti yake, mpole vile vile. "Mpe mwenzako."

Dobi aliiweka pasi kwa kusimamishwa, isiunguze kitu. Hakumtazama mama. Alimtazama Bosi ndani ya kioo.

"Ni wewe uliyeiamsha," alisema. "Ni wivu wako."

"Najua," alisema Bosi. Akageuka kwenye kiti, akavua saa ya betri, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono.

Mama alisema hayo watayazungumza wenyewe, yeye anataka vitenge vyake kabla ya adhuhuri. Dobi akakichomoa kipini cha mkanda kwenye tundu lake. Akamvalisha mdogo wake, kwa vile mkanda ulikuwa umekakamaa kidogo kwa mvuke na Bosi hakuweza kuufunga kwa mkono mmoja. Akaurudisha kwenye tundu la zamani, akauchomeka mkia wake chini ya kitanzi. Alipoachia, Bosi alishusha pumzi. Alikuwa ameipata, hakuwa na wivu tena, na ulionekana ukimtoka usoni kama rangi inavyotoka kwenye nguo ya bei rahisi. Saa ilipaswa kusimama hapo.

Haikusimama. Dobi alikuwa anaitazama.

"Nitapita Jumatano," alisema Bosi, akimsaidia mama kushuka ngazi.

"Pita," alisema dobi, akashika kitenge cha kwanza.